Sura ya Tisa: Swali Ambalo Hakuuliza

Inspekta Chelangat alifungua skrubu ya mwisho, akaiweka juu ya karatasi pamoja na zile nyingine, kisha akauvuta ubavu wa kompyuta kwa mikono miwili. Vumbi lilimrukia usoni.

"Haijafunguliwa siku nyingi hii," alisema.

"Ilifunguliwa Jumanne," alijibu Bwana Abdulwahid. "Nimekwisha kukwambia."

Alikuwa ameketi karibu na mlango, kanzu imekunjamana magotini, tasbihi mkononi lakini vidole havisogei. Alikuwa mfanyabiashara wa mbao, mtu ambaye mtaa mzima wa Mkomani ulizoea kumwona akipita vichochoroni kwa haraka, akiitikia salamu bila kusimama. Leo ilimchukua muda hata kuinua uso. Siku nane zilikuwa zimepita tangu amzike binti yake.

Mkasa wenyewe haukuwa na mambo mengi. Siku tisa nyuma, Jumamosi saa tisa alasiri, binti huyo, Nasreen, msichana wa miaka ishirini na mitatu, alishuka kwenye ndege Manda akitoka chuoni Nairobi. Mdogo wake Amjad alikwenda kumpokea kwa boti ya kukodi, na mwenye kuiendesha alikuwa Fanuel, mtu wa bara aliyeifanya kazi hiyo Lamu kwa miaka kumi na mmoja. Boti ilivuka vizuri. Ilipokaribia Amu, mji wenyewe wa Lamu, ikaligonga tishari lililokuwa limetia nanga na shehena yake ya mawe. Nasreen alirushwa, akapiga kichwa kwenye chuma, akazama. Walipomtoa alikuwa amekwisha kufa.

Ndani ya boti walikuwa watatu, wakabaki wawili, na kila mmoja alisema mwenzake ndiye aliyeshika usukani. Fanuel alieleza kwamba Amjad alimwomba amwachie aendeshe, naye akamwachia. Amjad alisema hajaugusa usukani wa boti tangu azaliwe. Watu waliokuwa forodhani waligeuka waliposikia kishindo. Kabla ya hapo hakuna aliyekuwa akiangalia. Mji ulimwamini mtoto wa mji. Mahakama iliruhusu Fanuel azuiliwe siku kumi tangu akamatwe, uchunguzi uishe, na kesho yake siku hizo zilikuwa zinakwisha.

Kamera waliiona jana yake, Jumapili. Chelangat na Konstebo Murithi walikuwa wamesimama ukingoni wakipima umbali wa tishari kutoka gatini, Inspekta akainua macho, akaiona chini ya paa la nyumba ya Bwana Abdulwahid, imeelekezwa baharini. Wiki nzima walikuwa wakipita chini yake. Mwenye nyumba alikubali ipo, lakini akasema rekodi hakuna: zilikuwa kwenye diski mbovu ya kompyuta, na diski ile imekwisha kutolewa.

Sasa Chelangat aliwasha tochi ya simu, akaichungulia mashine.

Diski mpya ilikuwa juu, SSD, ile aina ya kisasa yenye kasi, bapa na nyeusi, ndogo kama pakiti ya sigara, imeshikwa na skrubu moja na kipande cha utepe wa gundi. Chini yake palikuwa na nafasi tupu. Vumbi lilikuwa limetanda kila mahali ila hapo, palipobaki mstatili safi, upana wa kitabu. Kebo mbili zilining'inia kando yake bila kuchomekwa popote.

"Murithi, piga picha hapa. Na hizi kebo. Andika: SSD moja, gigabaiti mia mbili na arobaini." Akamgeukia mwenye nyumba. "Kwa nini uliibadilisha, Bwana?"

"Ilikuwa nzito. Ukiiwasha, waweza kwenda kuswali ukarudi, bado yazunguka."

"Kamera inarekodi mchana na usiku?"

"Naam."

"Na inaweka rekodi za siku ngapi?"

"Mwezi. Ndivyo alivyosema aliyeifunga."

"Diski ya zamani ilikuwa na ukubwa gani?"

"Terabaiti mbili."

"Ukaweka hii, ambayo haifiki hata robo yake."

"Mimi mtu wa mbao, Inspekta. Nimenunua nilichopewa."

"Ile ya zamani iko wapi?"

"Nimemwachia fundi. Kitu kibovu ningekiweka cha nini?"

"Fundi gani?"

"Badawi."

Chelangat aliurudisha ubavu wa kompyuta, akakaza skrubu moja moja. "Na Amjad?"

"Amelala. Tangu siku ile hali, hasemi. Mwache mwanangu."

*

Duka la Badawi lilikuwa kwenye kichochoro cha pili, chumba kimoja chenye feni na meza iliyojaa simu zilizofunguliwa matumbo. Badawi mwenyewe alikuwa mtu mwembamba wa miaka arobaini na kitu, miwani imefungwa kwa uzi. Aliposikia neno diski alisimama.

"Inspekta, hakuniachia kitu."

"Yeye anasema amekuachia. Na wewe najua huuza diski kuukuu Mombasa."

"Nauza. Sikatai. Lakini ile sikuiona."

"Zilete ulizonazo."

Alitoa sanduku la kadibodi kutoka chini ya meza. Zilikuwamo diski ishirini na sita, nyingine zina kutu. Murithi alizipanga sakafuni, Chelangat akazisoma lebo moja baada ya nyingine, ukubwa na namba. Kazi ilichukua karibu nusu saa. Mbili tu zilikuwa za terabaiti mbili. Moja ilikuwa na jina la hoteli ya Shela limeandikwa kwa kalamu, na nyingine Badawi alikuwa na karatasi ya kuipokea tangu mwezi wa Shaabani, kabla ya msiba. Wakati wote huo jasho lilikuwa likimtoka, na Murithi alikwisha kutoa pingu mfukoni akazirudisha mara mbili.

"Zirudishe," Chelangat alisema. Akavuta stuli akaketi. "Haya. Nieleze alivyokuja, tangu alipoingia mlangoni."

"Alikuja Jumanne, baada ya adhuhuri. Nilishangaa, mtu yumo msibani. Nikampa pole, hakuitika. Akasema, nipe SSD. Nikamuuliza, ya namna gani? Kuna ile nyembamba kama ubapa wa chingamu, inachomekwa kwenye bodi, ndiyo yenye kasi zaidi. Na kuna ile bapa yenye kebo. Mashine yako ni ya mwaka gani? Akasema, yoyote. Nikamwambia, Bwana, hakuna yoyote, mashine isiyo na tundu lake haitaipokea. Akaichukua ile nyembamba akaenda zake. Baada ya saa moja akarudi nayo. Haikuwa na pa kuingia."

"Ukampa hii bapa."

"Nilitaka kumpa kubwa, akataka ndogo kwa sababu ndiyo niliyokuwa nimekwisha kuitia mfumo, tayari kuwashwa. Nikamshauri. Nikamwambia, kamera huandika usiku na mchana haipumziki, SSD ndogo kama hii itachoka upesi. Iache diski yako kubwa palepale, ihifadhi kamera na mambo yako mengine, na hii iwe ya kuwashia mashine tu. Hapo utapata wepesi wala hupotezi kitu. Wateja wangu wote wa kamera nawafanyia hivyo. Nafasi ipo, kebo ipo."

"Akasemaje?"

"Akasema hapana. Ile itoke."

"Ulikwenda kumfungia?"

"Nilisema nitakuja, bila malipo, kwa ajili ya msiba. Akakataa. Akaniomba nimwonyeshe hapa mezani skrubu za diski ya zamani zinavyofunguliwa. Akaikosa skrubu ileile mara tatu, Inspekta. Nikasema ni huzuni."

Chelangat aliitazama meza ile. Mwezi wa nne yeye mwenyewe alikuwa amesimama hapo na kompyuta yake ya nyumbani, iliyokuwa imezeeka hata barua moja ilichukua dakika tano kufunguka. Badawi alimweleza kasi na ukubwa na miaka ya dhamana, na yeye hakusikia lolote mpaka alipopata jibu la jambo moja. Ndani ya mashine ile mlikuwa na picha za marehemu babake.

"Badawi, alikuuliza kuhusu picha?"

"Picha?"

"Kama zitahamishwa. Kama zitapotea."

Badawi alivua miwani. "Hakuuliza," alisema taratibu. "Kila mtu huuliza hilo. Hata mwenye mashine ya michezo tu huuliza." Akaifuta miwani kwa ncha ya shati. "Na picha zote za Nasreen zimo mle. Za shule, za Idi, za Maulidi. Alikuwa akiniletea nimchapishie. Alikuwa na mpango nazo mtoto yule, kila mwaka na faili lake."

Walipotoka nje Murithi alisema, "Afande, mzee ameitupa baharini. Kutoka kwake mpaka majini ni hatua ishirini."

"Amemzika binti yake Jumapili. Jumanne anaitoa diski yenye sura ya binti huyo, na haulizi kama picha zitabaki. Mtu wa namna hiyo ama hajali, ama anajua ziko wapi. Wewe umemwona. Hajali?"

Murithi alitikisa kichwa.

"Basi hakuitupa. Hakuweza. Iko nyumbani."

*

Hati ya upekuzi ilikuwa mfukoni mwake tangu asubuhi, lakini hakupenda kupindua magodoro katika nyumba yenye msiba. Alivua viatu mlangoni, akamwambia Murithi asubiri barazani, akaingia sebuleni alikokuwa Bi Ummu.

Mama wa Nasreen alikuwa ameketi mkekani, amejifunika leso, msahafu uko mbele yake juu ya mto. Bwana Abdulwahid alikuja akasimama kizingitini.

"Karibu, mwanangu," Bi Ummu alisema. "Keti. Wameshakupa chai?"

"Nimeshiba, Bi Ummu. Nina swali moja tu." Chelangat alipiga magoti mkekani. "Picha za Nasreen ziko kwenye kompyuta?"

"Zote. Na sauti yake. Alikuwa akisoma kasida, akijirekodi mwenyewe." Macho yake yalikuwa yamevimba lakini makavu. "Nangojea Amjad apate nguvu, aniwashie nimwone. Tangu waliponitolea ile maiti sijamwona mwanangu. Ile si sura yake. Nataka nimwone akiwa sawasawa."

"Diski yenye picha hizo imetolewa, Bi Ummu. Siku ya Jumanne."

Bi Ummu hakuelewa mara moja. Alimtazama Inspekta, kisha akageuka pole pole mpaka macho yake yakamfikia mumewe.

"Baba Amjad?"

"Ilikuwa mbovu."

"Nasreen umemtia wapi?"

"Mama Amjad, haya tutazungumza sisi wawili—"

"Siyui kompyuta, mimi. Siyui diski. Nakuuliza mwanangu umemtia wapi?"

Bwana Abdulwahid alishika mwimo wa mlango kwa mkono mmoja.

"Nimemzika moya kwa mikono yangu," alisema. "Mimi ndiye niliyeshuka kaburini nikampokea. Huyu wa pili mwataka nimpeleke jela mwenyewe?"

Bi Ummu aliweka mkono kinywani.

"Uliitazama rekodi, Bwana?" Chelangat aliuliza.

"Mara moya. Jumanne asubuhi. Nilitaka kumwona huyo Fanuel alivyomuua mwanangu, nipate wa kumlaani. Sikumwona Fanuel kwenye usukani."

"Amjad anajua kwamba uliiona?"

"Hajui. Hakuniambia, nami sikumwambia. Twakaa kwenye sinia moya, twanyamaza."

"Mke wa Fanuel amesafiri siku mbili kutoka Kakamega," Chelangat alisema. "Siku ya nne hii yuko kwenye benchi la kituo. Kila nikipita ananiuliza kama kuna lililoonekana. Bwana Abdulwahid, kesho asubuhi nitasimama mbele ya hakimu. Nitamwambia nini?"

Mzee aligeuka akatoka. Walisikia mlango wa chumba cha pili ukifunguliwa, kabati likilia, kisha hatua zake zikirudi. Mikononi alikuwa na mtandio wa waridi uliokunjwa. Aliuweka mkekani mbele ya mkewe, si mbele ya Inspekta. Chelangat alivaa glavu, akaufungua. Diski ilikuwamo, nzima, kona moja ina vumbi.

"Nilikwenda nayo mpaka ukingoni," mzee alisema. "Mara mbili."

"Baba umeiona?"

Amjad alikuwa amesimama kwenye ngazi, kikoi na fulana tu, nywele zimemsimama. Umri wake ulikuwa miaka ishirini lakini siku zile tisa zilikuwa zimemkausha kama mgonjwa. Hakuna aliyejua amesimama hapo tangu lini.

"Rudi juu," babake alisema.

"Umeiona na ukanyamaza."

"Amjad, rudi juu nimekwambia!"

Kijana alishuka ngazi tatu zilizobaki, akakaa kwenye ya mwisho. Chelangat alimwita Murithi aje na daftari. Akamweleza Amjad kwamba halazimiki kusema neno, na kwamba atakalosema litaandikwa na kupelekwa mahakamani, na kwamba ana haki ya wakili. Akamuuliza kama ameelewa.

"Nimeelewa." Alikuwa akiitazama diski. "Usiifungue mbele ya mama. Nitasema mwenyewe."

"Sema."

"Nasreen hakutaka. Aliniambia, mwache kaka Fanuel aendeshe, wewe njoo ukae hapa unipe habari za nyumbani. Mimi nilitaka aone nimekuwa mtu mzima. Nikamwomba Fanuel. Akakataa, nikamwomba tena, akaniachia. Alikaa karibu nami njia nzima, mkono wake hauko mbali. Tulipokaribia akaenda mbele kuandaa kamba. Hapo ndipo nilipoongeza moto wa injini. Nikaiona nyumba. Nikamwambia Nasreen, mama yuko dirishani, mpungie mkono. Nikapunga na mimi. Nikawa naangalia huku juu. Nilikuona dirishani, mama."

Bi Ummu alikuwa akimtazama bila kupepesa.

"Nalikuwa jikoni," alisema. "Nalikuwa nampikia."

Amjad aliinama mpaka paji likagusa magoti. Sauti iliyomtoka haikuwa ya kulia hasa. Ilikuwa kama ya mtu anayetafuta pumzi. Mamake alijivuta mkekani, hakuinuka, akajivuta hivyo hivyo mpaka akamfikia, akamshika kisogo. Babake alibaki amesimama palepale, mikono mitupu.

Murithi aliandika. Maelezo yaliposomwa, Amjad alitia sahihi. Chelangat aliitia diski ndani ya mfuko wa ushahidi, akaandika saa na tarehe na jina lake.

"Kabla hujaifunga," Bi Ummu alisema, "niwashie nimwone. Mara moya tu."

"Siwezi, Bi Ummu."

"Hizo za bahari sizitaki. Nataka ya Idi. Amevaa nguo ya kijani."

"Ikichomekwa popote kabla ya kufika kwa wataalamu Nairobi, mahakamani wataniuliza nani ameigusa na amebadilisha nini. Itakataliwa, na Fanuel atabaki ndani."

"Itarudi?"

"Itarudi kesi ikiisha."

"Lini?"

Chelangat aliwahi kuwadanganya watu katika kazi hii, maneno madogo ya kumtoa mtu mlangoni. Safari hii hakuweza. "Labda mwaka. Labda miwili. Nitaandika barua leo kuomba wakutolee nakala ya picha. Siwezi kuahidi kwamba watakubali."

Bi Ummu aliutwaa ule mtandio uliobaki mkekani, akaukunja, akauweka pajani.

*

Kituoni taratibu zilichukua mpaka saa kumi. Mwendesha mashitaka alipigiwa simu, barua ya hakimu ikaandikwa, na Fanuel akatolewa kwa dhamana ya polisi mpaka asubuhi, hakimu atakapomfutia kesi. Alirudishiwa mkanda, viatu na simu iliyokufa chaji. Alivaa viatu vyake kwenye benchi, mkewe Rosebella kando yake amemshikia mfuko wa nguo.

Murithi alimpitisha Amjad, sasa akiwa chini ya ulinzi, hapo hapo, kwa kuwa ukumbi ulikuwa mmoja. Rosebella alipomtambua aliinuka, mdomo umefunguka, na Chelangat akasogea katikati.

Fanuel alimvuta mkewe kwa kiganja, akamrudisha benchini. Alimtazama yule kijana kwa muda mrefu. Ndevu zilikuwa zimemwota, na kwenye shavu alikuwa na jeraha alilolipata siku ile alipokuwa akipiga mbizi kumtafuta Nasreen.

"Niliushika mkono wake," alisema. "Chini kule. Niliushika, ukaniteleza."

"Nisamehe, kaka," Amjad alisema akiwa ameangalia sakafu.

Fanuel hakusema amesamehe wala hakusema hajasamehe. Aliuliza, "Mama umemwacha na nani?"

"Na baba."

"Wao wawili tu?"

Amjad aliitikia kwa kichwa. Murithi akamshika kiwiko, wakaendelea, na mlango wa chuma ukafungwa nyuma yao.

Fanuel alimaliza kufunga kamba za viatu. "Nilitolewa majini nikaletwa hapa na nguo zangu zimelowa," alimwambia Chelangat. "Sikumzika. Hata kutoa pole sikutoa."

"Fanuel, twende tukapumzike," mkewe alisema. "Watu hao wamekutendea nini?"

"Tutapumzika." Aliinuka. "Inspekta, nikienda pale mlangoni, wataniruhusu kuingia?"

Chelangat aliufikiria uso wa mzee kwenye kizingiti, na mikono ile mitupu.

"Sijui, Fanuel."

Alichukua mfuko kutoka kwa mkewe, akautundika begani, akatoka. Rosebella alisimama kidogo akiuangalia mlango wa chuma, kisha akamfuata. Kutoka dirishani Chelangat aliwaona wakifika penye njia panda. Kushoto kulikuwa na chumba walichopanga. Walipinda kulia, kuelekea Mkomani, kwa wafiwa.